Pikapu Iliyofia Katito

Siku yangu ya mwisho kazini mlinikatia keki, mkaniimbia, kisha Felix wa mapokezi akasema, "Madam Dorcas, tuandikie hata kidogo. Usiende na kila kitu kichwani." Nilicheka kwa adabu. Nilipofika nyumbani Nyamasaria nikagundua kwamba kicheko kimeisha na kilichobaki ni hasira za miaka mingi, zimekunjwa vizuri kama nguo za kanisani. Nikaona afadhali nizitandaze mbele yenu kuliko kumfokea mume wangu kila anapouliza chai iko wapi. Basi someni. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Hakuna anayejali, hata mimi.

Niliingia kazini kama mchapaji. Ofisi yetu ya wakala wa bima ilikuwa palepale ilipo leo, ghorofani juu ya duka la vitambaa, isipokuwa wakati huo ngazi ilikuwa ya mbao na ililia kila mteja alipopanda. Tulijifunza kumtambua mtu kwa jinsi ngazi inavyolia. Mwenye kuja kulipia bima alipanda polepole. Mwenye kuja kudai fidia alipanda mbio, na akifika juu alianza kusema kabla hajakaa.

Dawati la fidia lilikuwa la Mzee Masinde, mtu wa Bungoma aliyehamia Kisumu zamani na hakuwahi kurudi isipokuwa kwa mazishi. Wiki yangu ya kwanza mteja mmoja aligongwa nyuma pale Kondele, nami nikaanza kuchapa barua kwa kampuni ya bima nikifuata alivyonieleza. Mzee Masinde akaitoa karatasi kwenye taipureta, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Umeiona hiyo gari?"

"Hapana, Mzee."

"Basi unaandika hadithi. Vaa viatu vya kutembea."

Tukashuka tukaenda kuiona. Alinifunza kupiga magoti nyuma ya gari na kumulika tochi chini, kuangalia kama chesisi, ile fremu inayobeba gari, imepinda, kugusa rangi kwa ukucha kujua ni ya zamani au imepigwa juzi. Alinifunza kubeba chaki, futi ya fundi na kitambaa cha kujifutia mikono. Baadaye simu zikaja na kamera zake, zikachukua nafasi ya chaki, lakini magoti hayajapata mbadala. Wenzangu vijana, mnaopokea picha kwa WhatsApp mkiwa mmeketi kwenye viti vya kuzunguka, nawapenda lakini mnaandika hadithi.

Mzee Masinde alipostaafu dawati likawa langu, na kelele zake zote. Mnajua kesi ya kiboko, imekuwa ikisimuliwa kwenye karamu zenu za Krismasi, na kila mwaka kiboko anazidi kunenepa. Ukweli wake ni mfupi. Mwalimu mmoja alikuwa anarudi kwake upande wa Dunga, kiboko akatoka kwenye matete, wakagongana, gari likaumia, kiboko akaenda zake. Nikapeleka madai. Kampuni ikajibu kwa barua rasmi ikitaka majina na anwani ya mhusika wa pili. Nikajibu kwamba mhusika wa pili anaishi ziwani. Wakaandika tena, wakauliza kama amepewa notisi. Sikutunga neno hata moja kati ya hayo.

Lakini kesi ninayotaka muijue vizuri si hiyo. Ni ya Mama Akoth.

Mama Akoth alikuwa mchuuzi wa samaki wa Asembo Bay. Alianza na beseni kichwani, akaendelea na ndoo ndani ya basi, ambako makondakta walimtoza nauli ya ziada kwa sababu ya harufu, halafu wakamwomba samaki. Akaweka akiba kwenye chama cha akina mama mpaka akanunua pikapu. Haikuwa mpya, lakini alimtafuta fundi Kisumu akamjengea nyuma yake boksi la kuhifadhi baridi, lenye kuta nene na mashine yake ya kupoza. Siku aliyoileta tuiandikie bima alinishika mkono, akafungua mlango wa nyuma, akaniambia nitie kichwa ndani. Nilitia. Nilipokitoa miwani yangu ikafunga ukungu.

"Umesikia baridi?" akauliza.

"Nimesikia."

"Sasa andika."

Nikaandika: pikapu, pamoja na boksi la baridi na mashine yake. Malipo ya bima yakapanda kwa sababu ya boksi hilo, naye akalipa bila kununa. Tangu hapo hoteli mbili za mjini na moja ya Kisii zikawa zinamtegemea, na binti yake, huyo Akoth mwenyewe, akaingia chuo cha uuguzi.

Ajali ilitokea asubuhi, dereva wake Ouma akipeleka samaki Kisii. Alipopita tu soko la Katito, trela la miwa likamjia katikati ya barabara. Ouma akakwepa, pikapu ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Trela halikusimama. Mama Akoth akanipigia akilia, na mimi nikavaa viatu vya kutembea.

Nilitarajia kukuta samaki wameibwa, kwa maana nimeona ajali nyingi na najua watu. Nikaona aibu. Wanawake wa soko la Katito walikuwa wamemtoa Ouma na mkono wake uliovunjika, wakamweka kwenye gari la msamaria kwenda hospitali, halafu wakawapanga samaki juu ya magunia yaliyoloweshwa maji na kuwauza mmoja mmoja kwa bei ya kawaida. Mama Akoth alipofika, muuza nyanya mmoja jina lake Grace akamkabidhi pesa zote zikiwa zimefungwa kwenye leso.

"Hesabu, mama," Grace akasema.

"Mimi nitahesabu nini, yawa," Mama Akoth akajibu, akamkumbatia.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho katika kesi hii kwa mtu kumpa haki yake bila kuombwa.

Kampuni ya bima, ambayo sitaitaja kwa sababu nimestaafu na nataka kulala, ikavuta pikapu hadi yadi iliyokodi upande wa Mamboleo. Asesa wao, yaani yule mkaguzi anayekadiria hasara, akasema ni raitofu. Wateja wengi hulisikia neno hilo na kudhani wametukanwa. Maana yake ni kwamba kulitengeneza gari kutagharimu zaidi ya thamani yake, kwa hiyo kampuni inalichukua bovu na kumlipa mwenyewe bei ya gari lilivyokuwa kabla ya ajali. Kwa hilo sikubishana nao. Nilipiga magoti mwenyewe, chesisi ilikuwa imepinda. Pikapu ile ilikufa, na aliyesema imekufa alisema kweli.

Kisha likaja pendekezo la malipo. Nilisoma mara mbili, nikaenda dirishani, nikarudi nikasoma tena. Walikuwa wamethamini pikapu ya kawaida, wakaondoa uzee, wakaondoa mikwaruzo ya rangi, na mahali pa boksi waliandika: "kifuniko cha nyuma." Thamani ya kifuniko: hakuna.

Nikapiga simu makao yao makuu Nairobi. Akashika msichana mwenye sauti tamu, Brenda.

"Madam, hapa kwa system inasoma pickup with canopy."

"Brenda, si kifuniko. Ni friji. Unaingia ndani unatetemeka."

"Nimekuelewa, Madam, lakini system haina option ya friji."

"Bima mliyoandika ninyi wenyewe inasema friji. Mlichukua pesa ya friji kila mwaka."

"Hiyo ni department ingine, Madam. Naomba uhold."

Nikashika simu nikisikiliza muziki wa zeze hadi chai yangu ikapoa. Wiki iliyofuata Brenda alikuwa amehamishwa, na faili akapewa Dennis, ambaye aliniomba nitume kila kitu upya kwa sababu faili alilopewa, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa na jalada tu.

Nikadai ukaguzi wa pili. Wakakubali kwa shingo upande. Nikamchukua Mama Akoth tukaenda yadi siku ile ile asesa alipopita mara ya pili. Pikapu ilikuwa imesimamishwa kati ya mabasi yaliyoungua. Boksi lilikuwepo, limebonyea ubavu mmoja. Lakini juu yake, pale mashine ya kupoza ilipokuwa imefungwa, palikuwa na matundu ya bolti na nyaya zilizoning'inia.

"Mashine iko wapi?" nikamuuliza mlinzi wa yadi.

"Hivi ndivyo ililetwa, Mama."

"Hivi?"

"Hivi hivi. Mimi sijaguza kitu."

Mama Akoth alipanda kwenye gurudumu, akazishika zile nyaya. Nami nikasogea nikaziangalia. Waya uliokatwa siku nyingi shaba yake hufifia, huwa kama senti ya zamani. Hizi zilikuwa zinang'aa. Nikapiga picha kutoka kila upande, huku mlinzi akisisitiza kwamba picha haziruhusiwi na akirudi nyuma polepole asionekane ndani yake.

Mnadhani picha zilisaidia? Dennis akaandika, kwa lugha safi, kwamba ukaguzi wa pili umethibitisha kuwa gari halikuwa na mashine yoyote. Yaani kwanza friji haikuwepo kwa sababu hawakuiandika, sasa haikuwepo kwa sababu imeibwa kwenye yadi yao. Akaongeza kwamba mteja asipotia sahihi vocha ya kukubali malipo, faili litafungwa.

Kuhusu vocha hiyo, niwaambie ninyi mtakaobaki kwenye dawati. Inaonekana kama risiti, lakini mteja akishatia sahihi amesema ameridhika kabisa na hatadai tena kitu. Msimpe mtu kalamu kabla hamjamwambia hivyo, kwa lugha anayoota nayo. Mimi niliipeleka Asembo Bay kwa mkono, nikamweleza Mama Akoth kwa Dholuo, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake huku wavu wa jirani ukianikwa kwenye ua.

"Ukisaini, pesa zitaingia upesi, lakini ndiyo mwisho," nikamwambia. "Usiposaini tutapigana, na sijui tutapigana mpaka lini. Siwezi kukudanganya. Uamuzi ni wako."

Hali yake niliijua. Hoteli ya Kisii ilikuwa imeshapata mchuuzi mwingine. Hoteli moja ya mjini ilikuwa inalalamika kwamba samaki wanafika wamelegea, maana alikuwa amerudi kwenye ndoo na basi, na kwa makondakta wale wale. Akoth alikuwa amekosa muhula, ameketi pale karibu nasi akichambua mboga, akijifanya hasikilizi.

"Mama, saini tu," Akoth akasema bila kuinua macho. "Tutaanza upya."

Mama Akoth akanigeukia.

"Wakisema pikapu ilikuwa mzee, ni sawa, ilikuwa mzee. Wakisema bei imeshuka, sawa, vitu hushuka. Lakini hawa wanasema haikuwako. Dorcas, si uliingiza kichwa ndani?"

"Niliingiza."

"Na ulisikia baridi?"

"Nilisikia."

"Sasa mimi nitasaini aje kwamba hakukuwa na kitu? Nitakuwa nimejiita mwongo kwa mkono wangu." Akaisukuma vocha kwenye mkeka kuelekea kwangu. "Rudisha kwao."

Akoth akaingia ndani na mboga zake. Nilirudi Kisumu nimekasirika kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na sikuweza kuwakasirikia watu wa Nairobi peke yao. Nilikuwa na mshahara wangu. Hasira yangu ilikuwa inakula vizuri na kulala kitandani, ilhali yake ilikuwa inasimama stendi na ndoo alfajiri. Tangu hapo sijawahi kumwambia mteja "tutapigana" bila kukumbuka ni nani kati yetu anayepigwa.

Nikaanza kuwaza upya kuhusu siku ya ajali. Nani aliiona ile mashine kabla gari halijavutwa? Ouma, lakini wangesema ni mtu wake. Mimi, lakini wangesema ni wakala wake, na picha nilizopiga siku ile zilikuwa za chesisi tu. Ndipo nikakumbuka kwamba pale mtaroni Katito, kila mtu ambaye hakuwa amebeba samaki alikuwa ameinua simu.

Nikarudi Katito. Nilipita meza kwa meza nikiuliza. Wengine walikuwa wamefuta, wengine simu zilikuwa zimeanguka chooni. Grace, yule muuza nyanya, akacheka.

"Mimi niko nayo. Sikufuta kwa sababu ndani yake ninaomba vizuri sana."

Akaniwekea. Ni kweli, alikuwa anaomba kwa sauti kuu, akimkemea shetani wa barabara ya Kisii. Lakini alikuwa anazunguka pikapu huku akiomba, na kamera ikapita juu ya boksi. Mashine ilikuwa pale, imefungwa kwa bolti zake zote. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo na moshi mweupe wa baridi ukatoka. Na Grace aliponyamaza kuvuta pumzi, ikasikika sauti: mashine ilikuwa bado inanguruma, gari limelala ubavu, kana kwamba hakuna aliyeiambia kuna ajali.

"Grace," nikasema, "rudia hapo."

"Penye ninamkemea?"

"Hapana. Penye umenyamaza."

Nikatuma video Nairobi siku hiyo hiyo. Dennis akajibu kwamba kampuni haipokei ushahidi usio na muhuri. Nilisoma jibu hilo kwa sauti ofisini. Felix, unakumbuka, ulidhani nimepata shambulio la moyo. Nikaacha kumwandikia Dennis. Nikaandika malalamiko kwa ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima, nikaambatanisha kila kitu, pamoja na ile bima yao wenyewe iliyotaja boksi na mashine. Hapo kidogo upepo ukageuka. Si kwa sababu walisadiki. Ni kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mwingine anayesoma.

Kampuni ikamtuma meneja, Bwana Mutiso. Alikuja na ndege ya asubuhi, suti safi, mwenye heshima, akitaka kurudi na ndege ya jioni. Tukaketi kwenye kile chumba chetu cha mikutano ambacho mlango wake haufungiki. Mama Akoth alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Bwana Mutiso akaanza kueleza kuhusu taratibu, kwamba kampuni inalazimika kufuata ripoti ya asesa, na kwamba ripoti zote mbili zilionyesha kifuniko cha kawaida.

Nikaweka simu mezani na kuwasha video. Grace akaomba, akakemea, akanyamaza. Ile sauti ikajaa chumbani.

Bwana Mutiso akainama. "Hebu rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Hiyo inayonguruma ni nini?"

Mama Akoth hakungoja niseme. "Hiyo ndiyo kifuniko yenu, Bwana," akamwambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya choo.

Bwana Mutiso aliegemea kiti. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Niliona amechoka, na nadhani hakuwa amechoshwa na sisi. Mwishowe akasema, "Mama, gari yako ilikuwa na friji."

"Ilikuwa nayo," Mama Akoth akasema, na machozi yakamtoka, ambayo hayakuwa yamemtoka yadi wala Asembo. Bwana Mutiso akamtafutia kitambaa mfukoni mwake.

Ningependa kuwaambia kwamba pesa zilikuja kesho yake. Zilikuja baada ya vocha mpya kuletwa ikiwa na jina la mtu mwingine, kisha nyingine yenye jina lake lakini gari la mtu mwingine, na ya tatu ikiwa sahihi. Walilipa pikapu kwa bei ya soko pamoja na boksi na mashine. Hakuna aliyeomba radhi. Yadi haikuulizwa kitu, na mashine ile, kwa ninavyojua, inapoza soda za mtu mahali fulani. Dennis alipandishwa cheo.

Akoth alirudi chuoni, nyuma ya wenzake. Hoteli ya Kisii haikurudi kamwe. Hoteli moja ya mjini ilirudi, ikataka bei ishuke kwa usumbufu ilioupata, naye akaishusha. Kwa hiyo msiniambie tulishinda. Tulirudishiwa kilichokuwa chetu, pungufu ya muda, na muda haukuwa na safu yake kwenye fomu yao ya malipo.

Alipopata pikapu nyingine, nzee kuliko ile ya kwanza, akapanda ngazi yetu kuiandikia bima. Nilikuwa nimemwandalia majina ya kampuni tatu nzuri, nimezipigia simu, nimeulizia sifa zao kwa mawakala wenzangu. Nikamsomea moja baada ya nyingine. Alisikiliza kwa adabu, mkoba juu ya magoti.

"Hapana," akasema. "Niandikie wale wale."

Nilidhani sikusikia. "Wale wa kifuniko?"

"Hao hao."

"Mama Akoth, hao watu wamekutesa! Wamekufukuzia wateja, wamemtoa mtoto shule, wamekuita mwongo. Unawarudishia pesa yako kwa nini?"

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeanza kazi jana.

"Hao wengine nitaanza kuwafunza tena kutoka mwanzo," akasema. "Hawa angalau sasa wananijua."

Nikavuta fomu, nikavaa viatu vya kutembea, tukashuka kuliangalia gari.